Nyama ya Mjomba

Nilifundisha somo la dini katika shule ya msingi ya kanisa mjini Kitale, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na ulimi mkali. Hawakuniajiri kwa elimu. Waliniajiri kwa sababu sikuchekea dhambi.

Mwaka uliofuata ule wa elimu ya bure ulikuwa mwaka wa tohara kwetu Bungoma. Julai nikaliambia darasa la saba kwamba mvulana anayetikisa kengele na kuvishwa luliki, ule ukanda wa nyama ya kidari ambao mjomba, akishachinja fahali wake, humtundika shingoni, anaabudu mizimu.

Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, si hata Ibrahimu alitahiriwa?"

"Alitahiriwa kwa agizo la Mungu, si la mjomba."

"Kwani hakukuwa na watu wa kuimba?"

Darasa likacheka. Nikampigisha magoti kwenye kokoto mpaka kengele ya mapumziko.

Lakini mwana wa dada yangu, aliyeolewa Tongaren, alikuwa anatahiriwa Agosti hiyo, na hakuwa na mjomba mwingine ila mimi. Asiyevishwa nyama na mjomba huingia uwanjani kama mtoto ambaye mama yake aliokotwa njiani.

Walifika kwangu Kamukuywa siku moja kabla ya kisu, mvulana kifua wazi, waimbaji nyuma yake. Nilifunga mlango nikaketi na Biblia. Fahali wangu alikuwa zizini, kila mtu akimwona.

Waliimba hadi sauti zikakauka. Ndipo dada yangu akaja dirishani.

"Toka, wewe! Mtoto amesimama juani."

"Peleka upagani wako Tongaren."

"Ati upagani! Si ng'ombe wa mahari yangu ndio uliooa nao? Huyo Yesu wako alikukataza nyama peke yake, mke hakukukataza?"

Watu wakaangua kicheko. Mke wangu, tuliyekuwa naye ndani, hakucheka. Alinitazama tu.

"Nimesema nendeni!"

"Tunaenda, bana. Kaa na fahali wako. Ukifa, akuzike."

Nilimwona mvulana kupitia pazia akijipangusa shingo kwa kiganja, kisha akageuka.

Kesho yake alisimama bila kupepesa jicho, shingo tupu. Niliambiwa, mimi nilikuwa kanisani kwenye maombi. Nilidhani namwogopa Mungu, kumbe nilimwogopa mwalimu mkuu, na vile wanafunzi wangu wangesema wakisikia nimechinja.

Kidonda kilipopona nilimtuma mke wangu Tongaren na mtamba mzuri, mwekundu. Alirudi jioni akimvuta mtamba yuleyule. Alisema dada yangu alimkaribisha vizuri, akamchinjia kuku, wakapiga soga hadi jua likapoa. Mtamba ndiye hakufunguliwa lango. Alishinda barabarani, amefungwa kwenye ua wa jirani, akila majani ya watu.