Mama Mizani na "kidogo tu" cha paka wa ghala

Saa mbili kasorobo asubuhi, kabla lori la kwanza halijarudi kinyumenyume hadi mlangoni, mpima magunia wa ghala hili la nafaka anapima kitu kingine. Anamimina chakula kikavu cha paka kwenye mizani ndogo ya sampuli, anatoa punje mbili, anarudisha moja. Gramu ishirini na tano.

"Jioni anapata nyingine kama hizi. Basi," anasema, kisha anapaza sauti. "Bosi! Njoo ule."

Bosi ni paka dume wa kijivu, umri wake miaka sita, na anakuja kwa maringo yake yote. Leo ni Ijumaa ya mwisho ya miezi mitatu aliyopewa na msimamizi wa ghala: apungue na kurudi kazini, au aondolewe na ghala liwekwe sumu ya panya.

Makuli wanamwita mwanamke huyu Mama Mizani. Ana miaka hamsini na sita, na kwa miaka ishirini na moja hakuna gunia lililotoka hapa bila kupita mbele ya macho yake. Yeye ndiye aliyemwokota Bosi nyuma ya mlango akiwa mdogo wa kutosha kiganjani, akamnywesha maziwa kwa bomba la sindano.

"Wanangu wamekua, wana kwao," anasema. "Huyu ndiye ninayemkuta kila asubuhi. Wakimwondoa nitaumia, sikufichi."

Mambo yaliharibika Bosi alipofika kilo sita na gramu mia nane. Akijaribu kupanda rundo la magunia, aliishia gunia la pili na kulala hapo hapo. Panya wakajinafasi. Kwa mwezi mmoja yalihesabiwa magunia kumi na tisa yaliyotobolewa, na msimamizi uvumilivu ukamwishia.

Mama Mizani naye akafanya kosa ambalo mpaka leo linamuuma. Aliamini, kama wengi ghalani, kwamba paka hushika panya kwa sababu ya njaa. Akamfungia Bosi kwenye chumba cha mizani na maji matupu. Siku ya pili jioni paka alikuwa amejikunyata pembeni, na hata alipowekewa samaki hakugeuza kichwa.

Alimbeba kwenye boksi hadi kwa daktari wa mifugo. Hakupokewa kwa maneno matamu.

"Mama, paka mnene hakatiwi chakula ghafla," daktari alimwambia. "Siku mbili tatu bila kula, ini linaweza kuharibika. Ungemuua huku unadhani unamsaidia."

"Nililia pale pale, mbele ya watu na kuku wao," anakumbuka.

Bosi alilazwa siku tatu. Daktari akaeleza kwamba paka mzima ni mla nyama, kwa hiyo anahitaji chakula kamili cha paka, kilichopimwa, mara mbili kwa siku, na maji safi wakati wote. Samaki wa kuchemsha, asiye na chumvi wala miiba, apewe mara moja moja. Maziwa aachane nayo, maana paka wengi wakishakua huwaharisha. Na kupungua kuwe kwa polepole.

Kisha akauliza kabla ya hapo paka alikuwa akila kiasi gani. Mama Mizani alijibu bila kusita: gramu sitini kwa siku, yeye mwenyewe anapima. Daktari akatikisa kichwa. Gramu sitini hazimfikishi paka karibu kilo saba.

Aliporudi ghalani akawauliza wenzake. Jibu lilikuwa moja: "Mimi namrushia kidogo tu, Mama."

Mwingine angegombana nao. Yeye alileta bakuli. Kwa siku moja, kila aliyetaka kumpa Bosi kidogo chake akitie humo. Watu tisa walitia: mkate uliolowekwa kwenye chai ya maziwa, vipande vya soseji, wali wenye mchuzi wa vitunguu, ambavyo daktari alisema ni sumu kwa paka. Jioni akaliweka bakuli kwenye mizani mbele yao, akatoa uzito wa bakuli lenyewe. Gramu mia nne na kumi.

"Nikawaambia, ndugu zangu, hicho ndicho kidogo chenu."

Kidogo kikubwa kuliko vyote, ngozi nzima ya kuku wa kukaanga, kilikuwa cha msimamizi.

"Nilidhani niko peke yangu," msimamizi anajitetea, akicheka kwa aibu.

Leo Bosi ana kilo tano na gramu mia tisa. Bado ni mzito, na daktari anataka afike tano. Lakini mwezi huu yametobolewa magunia manne tu, na jana kuli mmoja alimkuta juu kabisa ya rundo, panya mdomoni.

Msimamizi anasoma hesabu hiyo mara mbili. "Sumu sinunui," anasema. "Ila Mama, wewe mwakani unastaafu. Nani atampimia?"

Mama Mizani anayo hofu hiyo siku nyingi. Kumhamishia paka huyu kwenye chumba kimoja anachoishi anaona ni kumfunga. Kwa hiyo ameomba mpimaji mpya aletwe miezi miwili kabla hajaondoka.

"Kupima gunia nitamfundisha kwa siku moja," anasema, akisuuza bakuli la maji. "Gunia akilikosea, mteja atalirudisha, naye atalipima upya. Lakini Bosi ukimlisha vibaya hakuambii. Atakula, na atakushukuru."