Siku Niliyolisimamisha Ziwa Kichwa Chini

Kabla sijaanza kusimulia hili huwa naangalia kwanza kama karibu kuna mtu wa mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, maana wao wameshalisimulia vya kutosha na kila mmoja analo la kwake, lakini ukweli ni kwamba mimi, mwanamke mzima mwenye cheti cha maabara, nilisimama mbele ya umati nikawafundisha watu kwa upole, kwa mifano, kwa kurudiarudia ili asiachwe mtu nyuma, jambo ambalo lote lilikuwa limepinduka. Na nililifundisha vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Niwaeleze kwanza kazi yetu, msije mkacheka kabla ya wakati. Kila udongo na kila tope la ziwa lina vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kila kijidudu kimevaa ngozi nyembamba iliyotengenezwa kwa mafuta. Wote mnaijua samli: asubuhi ya baridi mwezi wa saba inaganda chupani mpaka uichokonoe kwa kijiko, mchana wa jua kali inamiminika kama maji. Sasa kijidudu hakiwezi kukubali ngozi yake igande, wala hakiwezi kuiacha imiminike, kwa hiyo kinabadilisha aina ya mafuta yake kulingana na joto la mahali kinapoishi. Kikifa, mafuta yale yanabaki topeni maelfu ya miaka. Na tope la ziwa linajipanga tabaka juu ya tabaka, la zamani chini, la juzi juu, kwa hiyo ukichomeka bomba kwenye sakafu ya ziwa ukalitoa limejaa tope, ukalikata vipande, ukayatoa mafuta ukayapima, unaweza kujua mwambao huu ulikuwa na joto au baridi wakati ambao hakukuwa na mtu wa kuandika. Ni kazi nzuri sana. Ina sharti moja tu, nalo si gumu: ujue juu ni wapi.

Bomba letu lilikuwa la plastiki ya kijivu, haya haya ya kupitishia maji majumbani, halionyeshi ndani. Dokta Masanja, mkuu wangu, alikuwa ameagiza kifuniko chekundu kwa upande wa juu na cheusi kwa upande wa chini. Nikaenda Mabatini kununua, vyeusi vimekwisha, muuza duka akaniambia, "Dada, vyote vinafunika," nikaona ana hoja, nikachukua vyekundu viwili. Haikuwa shida, kwa sababu siku tulipolitoa bomba ziwani Dokta mwenyewe alichora mshale ubavuni kwa makapeni, kalamu ile nene ya wino, kichwa cha mshale kikielekea juu. Kisha akapata habari baba yake anaumwa, akaondoka wiki mbili kwenda kumuuguza, akaniachia maneno machache: "Devota, likate kama tulivyozoea. Kipande namba moja kiwe cha juu."

Bomba lilikuwa limejaa tope nje, limekauka, linapukutika sakafuni, na asubuhi ile tulikuwa tunatarajia mgeni kutoka ofisi kuu aje aione stoo. Mimi nimelelewa na mama ambaye, tangu tuko kwetu Kagera mpaka tulipohamia Kiseke, hapitishi kitu mlangoni bila kukipangusa (nimemwona kwa macho yangu akipangusa gunia la mkaa). Mgeni anakuja, mimi nimuache alikute bomba katika hali ile? Nikachukua kitambaa na spiriti, nikalipangusa mpaka likang'aa, na lilipong'aa ndipo nikajiuliza, sasa mshale uko wapi.

Ningepiga simu. Simu ilikuwa mfukoni. Lakini nikamfikiria Dokta yuko wodini na baba yake, halafu mimi nimpigie kumwambia nimefuta mshale, nikaona aibu, nikaamua kutumia akili. Nikakumbuka kwamba niliposhusha bomba kwenye gari nililiegemeza ukutani, na mtu mwenye akili akiegemeza kitu, anakiegemeza kichwa juu. Mimi ni mtu mwenye akili. Basi upande ulioelekea dari ndio juu.

Mgeni mwenyewe hakuja.

Nikalipasua bomba kwa urefu, nusu ya kukata, nusu ya kuhifadhi kama kumbukumbu. Upande niliouita juu ulikuwa mgumu kama ugali uliolala, na upande niliouita chini ulikuwa laini kama uji. Aliyewahi kukanyaga ziwani anajua tope la juu ndilo uji. Mimi pia ninajua, nimewafundisha wengine, ila siku ile nikajiambia kwamba bomba lilisimama muda mrefu na maji yamechuruzika kwenda chini, kwani maji huwa yanaenda wapi. Nikakata vipande hamsini, nikaandika namba kwa mwandiko mzuri.

Majibu ya mafuta yaliporudi, ndipo tulipochanganyikiwa. Kipande namba moja, tope la leo, kilionyesha baridi kuliko vyote, na kadiri unavyoshuka kwenda zamani joto linapanda. Dokta Masanja aliitazama karatasi ile huku anajipepea kwa jalada la faili, jasho linamtoka.

"Devota, hivi hapa Mwanza kunapoa?"

"Mafuta ndiyo yanavyosema, Dokta."

"Na una hakika na namba?"

"Nina hakika."

Hapo palikuwa pa kusema. Sikusema, na kwa kutosema nikaanza kuamini. Vipimo vya umri wa tope vilikuwa bado havijarudi, kwa hiyo hapakuwa na cha kunisuta. Wiki nzima tulikuwa tunauliza kama mashine imekosea, au kama vijidudu vya ghuba yetu vina tabia yao wenyewe, mpaka nikaja na maelezo: kwamba zamani ghuba ilikuwa na maji machache, na maji machache yanapata moto upesi, kama sufuria ndogo jikoni. Dokta akafikiri, akasema labda. Akaniambia nikienda kuwaeleza watu wa mwalo nihakikishe nimesema hilo neno labda.

Mkutano wenyewe ulikuwa na uzito. Safari ya kwanza nanga ya boti yetu ilichana nyavu za watu, na wavuvi wakasema hakuna bomba la pili mpaka tuje tuwaeleze tunatafuta nini kwenye ghuba yao. Wakikataa, tunabaki na bomba moja, na bomba moja halithibitishi kitu. Dokta aliniachia mimi kueleza, maana anasema nina subira.

Tukafika, shikamoo kwa wazee, marahaba, tukaketishwa meza kuu chini ya bati, kitenge kimetandikwa, na juu ya kitenge nusu yetu ya kumbukumbu imelala na tope lake. Mchoro wetu tuliutundika kwenye chanja za kukaushia dagaa: turubai jeupe lenye mstari mwekundu, leo juu, zamani chini. Nikaanza. Nikaeleza samli, akina mama wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nikaeleza sufuria ndogo, wakacheka vizuri. Nikasema kwamba zamani mwambao huu ulikuwa na joto kuliko leo, na neno labda sijui lilibaki wapi, nadhani lilibaki garini.

Mwenyekiti wa mwalo, Mzee Kulwa, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, mimi mvi hizi nimeziotea hapa. Joto ninaloliona mimi linaongezeka. Wewe unasema linapungua?"

Nikamjibu kwa upole (nikikumbuka upole ule natamani ardhi inimeze), nikamwambia, "Mzee, kumbukumbu ya mtu ni fupi. Tope linakumbuka zaidi yetu." Watu wakanong'ona. Ili kuwavuta karibu nikamwita mama mmoja wa mstari wa mbele, Mama Nyamizi, anayekausha dagaa na kushona nyavu, aje aliguse tope la kale kwa mkono wake.

"Shika hapa mwishoni, mama. Hili lilitulia kabla babu wa babu zetu hawajafika huku."

Mama Nyamizi akalisugua kwa dole gumba kama anayepima unga. Dole likakwama. Akaingiza kucha, akavuta kidogo kidogo, ukatoka uzi wa kijani, mrefu kama kidole, una fundo katikati. Akaupangusa kwa khanga yake, akauinua watu wauone.

"Mwalimu," akasema, "hao wa kale nao walikuwa wananunua nyavu za nailoni?"

Mtu wa nyuma akadakia, "Na wakizichana wanazitupa ziwani kama sisi."

Kilichofuata ni kicheko cha mwalo mzima. Nami, badala ya kunyamaza, nikaeleza. Nikasema inawezekana uzi ulisukumwa chini na bomba.

"Mita nzima?" akauliza Mzee Kulwa.

"Inawezekana, mzee."

Akaja mezani mwenyewe, akabonyeza tope nililoliita la leo. "Mimi nang'oa nanga hapa kila siku. Tope la juu ni uji. Hili lako la leo mtu anafyatulia tofali. Ulijuaje kwamba huku ndiko juu?"

Nikafungua mdomo kumwonyesha mshale. Ndipo kitambaa kile, na spiriti, na ukuta niliouegemezea bomba, vyote vikanijia kwa pamoja.

"Devota," Dokta akaniuliza taratibu, "mshale niliochora uko wapi?"

"Niliupangusa."

"Uliupangusa."

"Tulikuwa na mgeni, Dokta."

Dokta aliinuka. Alikwenda kwenye chanja, akafungua kamba za turubai, akaligeuza, akalitundika tena, maneno yote yakawa miguu juu. Lakini ukiyaacha maneno ya leo na zamani, mstari mwekundu sasa ulikuwa unatoka chini kwenye baridi ukipanda kuja juu kwenye joto, na Mzee Kulwa akauinamia, shingo kaipindisha ili asome, akasema, "Sasa ndio ninaoujua."

Nilidhani yameisha. Hayakuisha, kwa sababu kijana mmoja wa mitumbwi akasimama akauliza, na swali lilikuwa la haki, watu wasiojua juu wala chini tunawapaje ghuba yetu. Wengi wakaitikia. Nikaona bomba la pili linazama mbele ya macho yangu, nami ndiye niliyelizamisha, basi nikasimama nikawaambia yote, vifuniko viwili vyekundu, gunia la mkaa la mama, simu iliyokuwa mfukoni, na kwamba Dokta aliniuliza kama nina hakika nikamwambia ninayo. Nikamwomba radhi Mzee Kulwa kwa lile neno la kumbukumbu fupi. Safari hii sikuwa na mfano hata mmoja.

Aliyesimama kwanza ni Mama Nyamizi, bado anao uzi mkononi.

"Mimi nasema wapewe. Nataka kujua hilo joto linatoka wapi, dagaa wangu wanaoza kabla hawajakauka. Ila bomba tutaenda wote, na upande wa juu nitaufunga mimi. Fundo langu halitoki kwa kitambaa."

Mzee Kulwa akawatazama watu, hakuna aliyepinga. "Wapewe," akasema, "na huyu binti asipewe spiriti."

Nilikaa siku mbili nikibandika lebo upya, moja ikawa hamsini, hamsini ikawa moja. Dokta hakunifokea, alinipitia tu mlangoni, akauliza, "Juu ni wapi?" mpaka leo huniuliza hivyo badala ya habari za asubuhi.

Bomba la pili liko stoo. Linapukutisha tope sakafuni, na upande mmoja limevikwa uzi wa kijani wenye mafundo matatu. Wiki iliyopita mgeni wa ofisi kuu alikuja kweli, akalitazama, akauliza mbona chafu hivi, hatuna hata kitambaa. Nikamvutia kiti, nikamwambia karibu, kaa nikueleze, ila tafadhali usiliguse.