Kuchora Bila Kutazama Karatasi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi iliyozungukwa na mashamba ya chai huko Kapkatet, nilimwambia kila mwanafunzi avue kiatu kimoja akiweke juu ya dawati. Wengi walikuwa wamevaa gambuti, viatu virefu vya mpira. Nikawafundisha mchoro ambamo mchoraji hutazama kitu tu, hatazami karatasi. Jicho hufuata ukingo wa kiatu polepole, na penseli hutembea pamoja nalo bila kuinuliwa. Mistari hutoka imepindapinda. Watoto walicheka mpaka mwalimu mkuu akaja mlangoni.

"Mwalimu Wafula, hii ni nini?"

"Wanajifunza kuangalia, mwalimu mkuu."

"Mtihani hautauliza kiatu," akasema, akaenda zake.

Hakuwa mtu mbaya. Matokeo yakiwa duni, ni yeye aliyeulizwa. Nilipohamishiwa Kipkelion, naibu wa mwalimu mkuu wa huko alinipa Kiswahili na sayansi, sanaa akaiweka Ijumaa baada ya usafi. Niliendelea kuwachorisha hivyo hivyo.

Uhamisho wa mwisho ulinipeleka karibu na Longisa. Huko nilimfundisha Chebet, msichana wa darasa la saba, ambaye mama yake, mchuma chai, alikuwa amelazwa hospitalini. Siku moja shangazi yake alinijia.

"Mwalimu, huyu mtoto hataki kumwangalia mama yake. Akifika wodini anaangalia sakafu tu. Mama anaumia."

Nilimwita Chebet, nikamuuliza.

"Amekonda sana, mwalimu. Ule si uso wake. Naogopa."

Sikumhubiria. Nilimpa karatasi na penseli. "Mchore vile tulichora sufuria darasani, bila kutazama karatasi. Macho yakae kwake tu. Ukimaliza, si lazima unionyeshe."

Shangazi ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Jumamosi Chebet aliketi kando ya kitanda, akaanzia kwenye paji la uso.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Nakuchora, mama."

"Basi ngoja nitoe kitambaa."

Akakivua, kichwa kikabaki na nywele chache, akatulia. Walitazamana hivyo mpaka muda wa kuwaona wagonjwa ukaisha.

Wiki iliyofuata mama alifariki. Nilihudhuria mazishi. Mjomba wa Chebet aliushika ule mchoro. Jicho moja lilikuwa nje ya shavu, na mdomo umevuka kidevu.

"Huyu si dada yangu," akasema.

"Hafanani naye, mjomba," Chebet akajibu. "Lakini nilimwangalia."

Mjomba akamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza ni wanafunzi wangu wangapi waliokuja kuwa wachoraji. Simjui hata mmoja. Chebet anafuga ng'ombe na kulea watoto wake. Mimi na mke wangu tumezeeka, na asubuhi, chai ikiwa mezani, humchora. Yeye huichukua karatasi, akaitazama kwa muda.

"Umenifanya mbaya, baba Nekesa."

"Kaa kidogo," humwambia. "Bado nakuangalia."