Kigoda cha Mgeni

Chaaa! Mpaka leo nausikia mlio wa doti ya kanga ikichanwa. Dada niliyefanya naye kazi katika duka la kanga Barabara ya Biashara alikuwa akitia mkasi ukingoni, kisha akiivuta kwa mikono, na kanga ikiachana sawasawa. Siku ile mlio ulikatika nusu. Mumewe alikuwa mlangoni.

"Masalkheri, ami," alimwambia tajiri wetu, mwenye duka, sauti tamu kama halua.

"Masalkheri, mwanangu. Kaa kitako."

Kigoda kikasogezwa, kahawa ikaitwa.

"Huyu wangu leo atoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Basi, akaambiwa. Kwa adabu tu! Na dada alikuwa amemkimbia kwa ajili ya kipigo, amejificha kwa shangazi yake, mtaa wa Tononoka. Mume hakujua ni nyumba gani. Alichotaka ni kumfuata tu akitoka.

Nami nilikuwa nimeshasema. Wiki ile tajiri alialikwa kwenye mafunzo ya waajiri yaliyotolewa na mawakili, akanituma mimi kwa kuwa eti nina mdomo. Shule yangu iliishia darasa la nane, lakini hili nililishika: saa za mfanyakazi haambiwi mtu, hata akijiita mume. Nilipomweleza tajiri alicheka mpaka akakohoa.

"Ami," nikasema, "si nilikwambia saa za mtu hazitajwi?"

"Ewe! Mtu anisalimu kwa heshima, mimi nimfumbie mdomo? Siku moja umekaa na mawakili, warudi kunifunza adabu dukani kwangu?"

Mume akacheka. "Mwache, ami. Hawa wakilishwa sambusa kwenye semina hujiona mahakimu."

"Sambusa nilikula tatu, na zilikuwa za nyama," nikamwambia. "Na saa kumi na moja hatoki."

"Yuwatoka!" tajiri akapiga meza.

"Hatoki!"

"Kesho wewe ndiwe utakayetoka, na usirudi!"

Tulipigiana kelele hadi mafundi cherehani wa barazani wakasimamisha mashine. Nilipogeuka, dada hakuwapo. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, ule wa kuelekea sokoni Marikiti, na mkasi uko juu ya kanga iliyochanika nusu.

Mume akakaa pale pale mpaka tunafunga, vikombe vinne vya kahawa, ananitazama kama nzi aliyemwingilia kikombeni. Tajiri akaninyooshea kidole: "Huyu bwana akija kesho, atakaa. Na akiuliza, nitamjibu."

Mie huota mchana. Huota duka langu mwenyewe, na kila msichana atoke kwa mlango autakao. Lakini kesho yake sikuwa na duka, nilikuwa na ufunguo wa asubuhi tu. Nikafika kabla ya wote. Nikakibeba kigoda, nikakipandisha darini, nikakipangia marobota matatu ya kanga juu yake, nikashuka kufagia baraza.