Shilingi Yenye Tundu la Kando

Fundi wa majiko aliye nyuma ya soko la Kariobangi huongea kwa nadra, kwa sababu mdomo wake umejaa misumari. Jiko likikamilika hulipapasa kwa kidole gumba kisicho na ukucha, hulitikisa, hutega sikio, na likigonga hata kidogo hulifungua upya, mwenye jiko anune asinune. Mimi, mtu mzima wa Buruburu mwenye miwani, hukusanya sarafu zilizokosewa kiwandani. Kasoro ndiyo ibada yangu. Jumamosi nilimpelekea jiko bovu, na kwa kuwa sijui kunyamaza, nikamwonyesha shilingi niliyouziwa mtandaoni kwa bei ambayo mke wangu Mbinya hataijua kamwe. Ina tundu, tena limekwenda kando. Nikamweleza kama mhadhiri kwamba huenda duniani hakuna nyingine.

Akatoa misumari mdomoni. Akaigeuza shilingi kwenye mwanga, akainamisha kichwa. "Pole sana, mzee. Hii ni kazi yangu. Nikikosa washa, vile vibati vya duara vya kukazia miguu ya jiko, mimi hutoboa shilingi. Hapa mkono uliteleza."

Akaitupa kwenye rundo la vyuma chakavu, akachagua shilingi nyingine yenye tundu katikati kabisa, akanipa kwa mikono miwili. "Usilipe kitu. Mteja wangu haondoki na kitu kibovu."

Nikamshukuru, kisha nikasimama pale kando ya rundo, nikingoja ageuke.