Nilimficha Mwanangu Kifo cha Mamake Ili Amalize Mashindano

Kosa ni langu, na nalisema mwanzo ili msije mkanihurumia. Mke wangu alifariki Jumatatu asubuhi hapa Amu, mji wa Lamu, tukamzika baada ya laasiri, na mtoto wake wa pekee hakujua mpaka Jumapili. Hakujua kwa sababu mimi babake nilitaka asijue. Alikuwa Ulaya akicheza tenisi.

Jina langu sitalitaja. La mwanangu pia silitaji, amechoshwa vya kutosha. Lakini walioshirikiana nami nitawataja, maana wao wanalala usingizi na mimi silali. Watu wa Amu mtanijua tu. Mlikuwako.

Shule niliishia darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja wa tenisi katika hoteli moja ng'ambo, upande wa kisiwa cha Manda. Siku ambazo hakuna chuo cha Kurani nilikuwa namchukua mwanangu pamoja nami, na mgeni akikosa mtu wa kucheza naye anampa yeye raketi. Mwanzo walikuwa wanamchekea. Baadaye wakawa wanamkwepa, wanaona haya kushindwa na mtoto mdogo aliyefunga mtandio.

Ndipo akaja Swaleh. Huyu ni wa kwanza. Swaleh ni binamu yangu, mtoto wa ammi yangu, amekaa Mombasa miaka mingi na anajuana na watu. Alimtafutia mwanangu nafasi ya kufundishwa nje, akajifanya meneja wake. Wa pili ni kocha, mzungu anaitwa Anton. Sijawahi kumsikia Anton akipaza sauti. Ni mtu mpole sana. Ubaya wake wote aliufanya kwa upole.

Sisemi hawakumfikisha. Walimfikisha. Mwanangu aliingia katika wachezaji mia wa juu duniani, na mimi nikawa natembea mtaa wa Langoni kifua mbele, watu wananiita Baba Bingwa. Jina lile lilikuwa tamu, jamani! Lilinipofua.

Kile ambacho hakuna mtu anakuambia ni kwamba tenisi haina Ijumaa. Hapa kwetu hata punda wa kubeba mawe ya ujenzi ana siku yake ya kufunguliwa akajigaragaze mchangani. Wale watoto wanaanza Januari kwenye jua kali, wanazunguka dunia hadi mwaka unakaribia kuisha, leo nyasi, kesho udongo, keshokutwa saruji. Na pointi ulizopata mwaka jana mahali fulani, wiki ile ikifika tena zinafutwa. Lazima ushinde upya ili ubaki pale pale ulipokuwa. Ni kama kujenga ukuta, kila ukifika juu mtu anavuta jiwe la chini.

Mara ya mwisho alipokuja nyumbani hakwenda kwa mtu. Alilala tu. Mamake alimwita amsuke nywele, akagundua kwamba mtoto hajisuki mwenyewe kwa sababu mkono wa kulia hauinuki ukafika kichwani. Mkono ule ule ambao dunia nzima inaulipia tiketi! Hauwezi kufika kwenye nywele zake.

Mke wangu akaniita jikoni. Akaniambia mwana huyu haendi, akae mpaka bega lipone. "Nti za watu haziishi," akasema. "Ataziona baadaye."

Nikamwambia wenzake wako uwanjani, akikaa watampita.

Akaniangalia. "Wamtaka mwana, ama wamtaka yule wa kwenye tivii?"

Nilimpigia Swaleh, akaleta tiketi. Siku ya kuondoka mtoto alisimama gatini akinitazama, na mimi nilijua anangoja neno moja tu kutoka kwangu, "kaa". Nikabeba begi lake nikalitia ndani ya boti.

Sasa nifike kwenye Jumatatu yenyewe.

Mke wangu alikuwa na presha. Aliamka, akaswali, akatia maji ya chai motoni, akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyechoka kidogo. Hakuinuka tena. Wanawake wakaja, Rukia mdogo wake akaja akaingia ndani kumwosha dada yake. Na mimi, kabla hata sanda haijakatwa, nikatoka nje nikampigia simu Swaleh, aliyekuwa naye huko Ulaya. Si mwanangu. Swaleh!

Swaleh akasema, "Inna lillahi." Halafu akaniuliza kama mtoto ameshaambiwa.

Nilisema bado. Akamwita Anton karibu na simu, na kila anachosema Anton, Swaleh akanifasiria. Kwamba anasikitika mno. Kwamba leo jioni ndiyo mechi ya kwanza. Kwamba mwaka jana mtoto alifika nusu fainali hapo hapo, na akijitoa pointi zote zile zitakwenda, atashuka, milango ya mashindano makubwa itafungwa. Hakuna wa kumfunga kamba, anaweza kujitoa akitaka. Lakini hata akipanda ndege saa hiyo hiyo hatamkuta mamake, maana sisi Waislamu tunazika siku hiyo hiyo, sivyo?

Ilikuwa kweli. Hapo ndipo waliponikamatia. Uongo wangu wote niliujenga juu ya neno moja la kweli.

"Leo tu," Swaleh akasema. "Akimaliza leo tutamwambia."

Nikasema sawa.

Mnajua desturi yetu. Maiti akishazikwa, mtu wake husimama akasema, mwenye kumdai marehemu aje kwangu, mwenye kukosewa naye amsamehe. Nikasimama nikayasema hayo, na udongo bado mbichi miguuni. Kisha nikaongeza langu. Nikawaomba watu wote waliokuwa pale wasimpigie binti yangu, wasimwandikie, wasiweke picha, mpaka amalize kucheza.

Hakuna aliyenipinga. Mzee mmoja alisema "Allahu musta'an", Mungu ndiye wa kuombwa msaada, akashika njia. Basi mji mzima ukanisaidia kumdanganya mtoto mmoja, na mimi ndiye niliyeuomba, kaburini, mahali pa kuomba radhi.

Jioni ile akashinda.

Swaleh akanipigia: kesho kutwa ana mechi nyingine, tungoje ile. Akashinda tena. Siku ya hitma, mashekhe wanasoma, vijana barazani wameinamia simu wanatazama tenisi, na nikasikia mmoja akinong'ona "kapata seti ya kwanza". Nikawaacha! Nilikwenda nikasimama nyuma yao nikaangalia na mimi.

Dini yetu imempa aliyefiwa siku tatu alie. Tenisi haikumpa mwanangu hata moja, na wala tenisi haikuja Amu kumnyang'anya. Mimi nilimpelekea kwa mkono wangu.

Mtaniuliza simu yake ilikuwa wapi. Wakati wa mashindano simu ilikaa kwa Anton. Walisema ni kwa faida yake, kwa sababu watu wa kamari humwandikia matusi akishindwa, humtakia afe. Alikuwa anapewa simu ya Swaleh kidogo tu apige nyumbani, Swaleh yuko kando yake. Na kila akipiga anaanza na mamake. Tangu utotoni haingii uwanjani bila dua ya mamake.

"Baba, mama yuko wapi?"

Nikamwambia kaenda Siyu kwa bibi yako. Huko mtandao waujua ulivyo.

Akacheka. Mtoto wa watu akacheka! "Basi mwambie apande ngomeni penye mtandao, anitumie hata sauti."

Nikamwendea Rukia. Nilijua marehemu alimtumia Rukia sauti siku chache kabla, akimwombea mtoto dua. Nikamwomba anipe. Rukia alikuwa amekaa mkekani, macho yamevimba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "dada yangu hana ruhusa ya kusema tena. Na wewe huna ruhusa ya kumsemesha."

Nilitoka nikaitafuta simu ya marehemu chini ya mto wake. Nikaiweka uso kwa uso na simu yangu, kama watu wawili wanaonong'onezana, moja inasema, nyingine inasikiliza. Marehemu anaomba: Mngu amhifadhi mwanangu, amwondolee jicho la hasidi, amrudishe salama. Mwishoni anakohoa kidogo. Nikaituma, nikadanganya kwamba kuna mtu katoka Siyu kaniletea.

Mwanangu akajibu kwa sauti vilevile. "Amin, mama."

Kuanzia hapo nikaanza kuomba dua ya ajabu. Nilikuwa nikisujudu namwomba Mola ashindwe. Ashindwe leo, nimwambie leo, haya yaishe. Mimi niliyemsukuma tangu mdogo ashinde! Na Mola akaninyima. Alishinda robo fainali. Alishinda nusu fainali akiwa amefungwa bandeji begani, na mtangazaji akasema huyu binti ana moyo wa chuma. Kila ushindi ukawa siku nyingine ya kumzika mamake bila yeye.

Jumapili nyumba ilijaa. Tivii ilikuwa chumba kile kile alichooshewa marehemu. Akachukua kombe. Hakuna aliyeshangilia. Wakampa kipaza sauti, akasema kizungu chake akawashukuru watu, kisha akageukia kamera akasema kwa lugha yetu:

"Mama, najua uko Siyu na mtandao ni mbaya. Ukirudi nitakupigia. Hili ni lako."

Uongo wangu, neno kwa neno, mdomoni mwake, mbele ya dunia nzima. Rukia akainuka akaizima tivii.

Hawakumwambia hata wakati huo. Anton alimrudishia simu kwa sababu mashindano yameisha, kanuni imeisha, na Swaleh alikuwa anazungumza na waandishi. Watu wa nje ya Amu ambao hawakusikia ombi langu la kaburini walikuwa wamemwandikia pole tangu Jumatatu. Alizisoma akiwa peke yake chumba cha kubadilishia nguo, kombe liko kwenye benchi. Haya alinieleza Rukia. Mimi hakunieleza kitu.

Alifika. Nilimngoja uwanja wa ndege wa Manda akanipita kama nguzo. Alikwenda kaburini akakaa sana, na alipotoka ndipo akaniuliza.

"Nilipoingia uwanjani Jumatatu, mama alikuwa keshazikwa?"

"Naam."

"Na hapa wote walijua."

"Naam, mwanangu."

Hakulia. Laiti angelia! "Mechi zote zile nilimchezea mama," akasema. "Kumbe nilikuwa nawachezea nyinyi."

Alikaa Siyu kwa bibi yake siku chache, kisha akarudi kucheza. Wengi walidhani ataacha, mimi mwenyewe niliomba aache. Hakuacha. Aliwafukuza Swaleh na Anton akachukua wengine, na wale wengine kazi yao ni ile ile, kwa sababu kalenda ni ile ile. Amepasuliwa bega, amerudi uwanjani kabla halijapona, namwona kwenye tivii anavyokunja uso anapoanzisha mpira. Hakuna wa kumwambia apumzike. Aliyekuwa akimwambia tumemzika, na mimi nikifungua mdomo nitaonekana nimetumwa.

Swaleh sasa ana msichana mwingine, wa Mombasa, nasikia ana kipaji. Anton yuko na mchezaji mkubwa kuliko mwanangu. Wao walipoteza kazi moja wakapata nyingine. Watu huniuliza, je, tenisi inawadai hawa watoto kupita kiasi? Inawadai, ndiyo! Inadai mabega, inadai usingizi, inadai maiti zao. Lakini mchezo hauna mikono. Unasimama mlangoni unanyoosha bakuli, na sisi wa ndani ndio tunaotia.

Mwaka huu bibi yake wa Siyu amefariki. Nilikataa kungoja hata dakika. Sikumpigia meneja, sikumuuliza mtu, nilimpigia yeye mwenyewe, na kwa bahati akapokea. Nyuma yake nilisikia mipira inapigwa. Nikamwambia, mwanangu, bibi yako amefariki.

"Lini?"

"Leo. Asubuhi hii."

Akaniuliza taratibu kabisa, bila hasira:

"Leo ya lini, Baba?"

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa la kweli, na sikuwa na namna ya kumfanya aliamini. Akasema atamuuliza khala Rukia, akakata simu.

Nyinyi mlio na watoto wanaocheza, wanaoimba, wanaosoma mbali, na kuna watu wapole wanawaambia "leo tu, acha amalize": msiba ni wa aliyefiwa. Si wenu kuupangia siku. Mpigieni mtoto saa ile ile, mpira uanguke, pointi ziende, mwacheni alie na walio wake. Mkimnyima kilio kile, hamtapata siku nyingine ya kumrudishia.