Kisanduku Kinachoelea

Kaka yangu alikuwa rubani wa ndege ya mizigo, na ndege yake ilizama baharini pamoja naye. Kisanduku kinachorekodi mambo yote ya safari kilizama humo humo. Kina kifaa kinachopiga mlio chini ya maji ili watu wakitafute, lakini betri yake ilikuwa ya mwezi mmoja tu. Meli ya kutafuta ilichelewa, betri ikaisha, wakubwa wakafunga faili. Ripoti yao ikasema huenda rubani alikosea.

Huenda! Neno hilo lilipofika mtaani kwetu Tanga likawa "alikuwa amelewa." Kaka yangu, ambaye hata harusini alishika chupa ya bia mkononi jioni nzima bila kuionja, ili tu asiwaudhi wenyeji. Mama aliacha kwenda sokoni kwa aibu.

Tulipomfanyia ibada ya kumbukumbu huku ughaibuni, Woodbury, mimi ndiye niliyesoma wasifu wa marehemu. Mzee wa kanisa alinivuta pembeni.

"Mwanangu, kwenye chanzo cha kifo andika ajali, yaishe."

Nikamwambia haiishi. Nilipofika kwenye mstari ule nilinyamaza hadi watu wakaanza kukohoa, kisha nikakaa. Kwa hasira, hata wali wa msiba sikuugusa.

Sasa basi. Nafanya kazi kiwandani Fridley, mji wa jirani, tunaunganisha vifaa vya ndege. Asubuhi moja mwezi uliopita tuliitwa kwenye bwawa la majaribio. Wakaangusha kipande cha mkia wa ndege majini. Kikazama, lakini kisanduku cha rangi ya chungwa kikachomoka, kikaibuka, kikaelea. Kwenye skrini ikaonekana mahali kilipo, papo hapo. Watu wakapiga makofi.

Nikamuuliza mhandisi aliyesimama karibu yangu, Mkenya, "Hiki mmekibuni lini?"

"Si ati ni kitu mpya, dada," akasema, akitabasamu. "Ndege za jeshi zimekuwa nazo tangu kitambo. Hizi zingine za abiria na mizigo ni vile wenyewe walikuwa wanasema ni expensive, bei iko juu."

Tangu kitambo! Nilitamani kumsukuma bwawani na tabasamu lake. Nikatoka bila ruhusa, nikasimama kwenye maegesho ya magari katika baridi ile, nikampigia mama. Kwake ilikuwa jioni. Nilikuwa nafoka, maneno yananitoka ovyo.

"Mama, kisanduku kinaelea! Kinaonekana siku ileile, mama, kinajionyesha chenyewe kilipo!"

Nikamsikia akizima redio.

"Wamekipata?" akauliza. "Kwa hiyo wamejua si yeye aliyekosea?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Lakini simu alikuwa ameshaiweka chini bila kuikata. Nikasikia mlango ukifunguliwa, kisha sauti yake uani, ikiwaita majirani mmoja mmoja.